Kitanda Kilichotoka Chunyu

Watu wa Nachingwea walikuwa wakisema kwamba duka la Lusiana halina wateja, lina watazamaji. Mtu aliingia, akashika kitabu, akakinusa, akakipima uzito mkononi kama anayechagua muhogo, kisha akakirudisha mahali pake na kuuliza kama kuna chumvi. Chumvi haikuwapo. Upande wa kulia kulikuwa na katekisimu na vitabu vya sala, upande wa kushoto juzuu za watoto wa chuo cha Kurani, na katikati, ili pande hizo mbili zisigombane, vitabu vya hesabu, kalenda na masimulizi ya safari. Duka lenyewe lilikuwa banda la mabati walilolijenga Wazungu wa karanga. Wenyewe walikwisha kwenda zao, kwa kuwa karanga hazikuota kama walivyohesabu, lakini banda lilikuwa zima. Naye Lusiana, aliyekuwa mwalimu wa shule ya misheni kabla ya kuolewa, hakuwa mtu wa kuacha banda zima likae bure.

Katika vitabu vyote hivyo, kimoja tu kilikuwa kikitoka. Kiliitwa Kutoka Nyasa Hadi Lindi kwa Miguu na kwa Lori, na mwandishi wake alikuwa Bwana Dastani, mtu wa upande wa Masasi, aliyekwenda vitani Burma akarudi na ugonjwa wa kutotulia. Kila kiangazi alitwaa mkoba wake akaenda asikokujua, akarudi akaandika. Watu walikipenda kitabu kile kwa sababu kiliwataja. Lusiana alikiuza huku moyo unamchoma, kwa sababu kilimtaja mama yake.

Hakikumtaja kwa jina, la. "Chunyu tulikutwa na mvua," aliandika Bwana Dastani. "Mjane mmoja akatupa malazi. Kitanda changu kililia usiku kucha kama mtoto mwenye chango, na katika nyumba ile nzima sikuona kitu cha thamani."

Maneno machache, hayajazi kiganja. Lakini Chunyu nzima ilimjua mjane mwenye nyumba kando ya njia. Huyo ni Bibi Magreti, mama yake Lusiana. Wachuuzi wa ufuta, makatekista, walimu wa Kurani waendao maulidini, wagonjwa wanaopelekwa hospitali, wote walikuwa wakilala kwake. Hakumwuliza mtu dini wala kabila, alimwuliza kama amekula. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi yeye alikuwa akipona kila juma.

Sasa katekista Protasi wa hukohuko Chunyu, kwa furaha ya kuona kijiji chao kimeingia kitabuni, alikisoma kwa sauti mbele ya watu waliotoka kusali Jumapili. Alisoma mbio kama mbuzi anayeteremka mtoni, na alipoliona lile neno mbele yake mdomo ulikuwa umekwisha litoa. Watu wakatazama chini. Bibi Magreti akajifunga kanga yake vizuri, akaenda nyumbani. Tangu siku hiyo mtu akipiga hodi alijibiwa kutoka ndani, "Nenda mbele! Hapa hapana kitu. Imeandikwa."

Lusiana alikwenda kumbembeleza. Mama yake hakumpa hata kigoda.

"Ntu amekula ugali wangu, amelala kwangu," alisema, "halafu akaenda kunitangasa dunia nsima kwamba sina kitu. Basi sina." Na jioni ilipoingia, akamwambia binti yake wa kumzaa mwenyewe akalale kwa jirani. Lusiana alilia njia nzima ya kurudi Nachingwea wala hakuona haya. Mama aliyekuwa akiwaamkia kwa furaha watu asiowajua sasa alikuwa akila peke yake gizani, mlango umekomewa, kwa ajili ya mstari mmoja wa mtu aliyekuwa na usingizi.

Kwa hiyo aliposikia kwamba Bwana Dastani atapita Nachingwea kwa gari moshi, na kwamba kitabu chake kinakaribia kupigwa chapa mara ya pili, Lusiana aliona hii ni bahati, na bahati haigongi mara mbili. Akamwalika aje dukani Jumamosi awasimulie watu safari zake. Halafu, kwa kuwa masimulizi matupu hayafuti kitu, akamwalika pia Bwana Shehe wa Lindi, mzee aliyetumia maisha yake yote kununua na kuuza vitu vya kale: majambia, fedha za Mdachi, vijaluba, bangili. Watu wa Nachingwea na Ruangwa walete vitu vyao vya zamani, Bwana Shehe avitazame, ataje thamani yake mbele ya wote. Bibi Magreti alikuwa na bangili ya shaba ya bibi yake, iliyokuwapo tangu kabla ya vita vya Majimaji, na Lusiana akampelekea salamu aje nayo. Bwana Shehe ataisifu, Bwana Dastani atasikia, watu watasikia, na mwandishi hatakuwa na njia ila kulifuta neno lake hadharani. Hapo mama atafungua mlango. Hesabu ilikuwa nzuri. Wazungu wa karanga nao hesabu yao ilikuwa nzuri.

Kasoro ilikuwa kwa Mzee Hasani.

Mzee Hasani alikuwa mpiga mbiu, mwenye baragumu la pembe na kifua cha kusikika ng'ambo ya mto. Dosari yake ilikuwa moja, wala haikuwa yake peke yake, ilikuwa ya nusu ya wilaya: ulimi wake wa Kimwera haukuwa na mahali pa kuweka z wala th. Kwake yeye zamani ilikuwa samani. Thamani nayo ilikuwa samani. Na samani, yaani viti, meza na vitanda, hizo nazo zilikuwa samani. Lusiana alimkaririsha tangazo mpaka akalishika lote, na Mzee Hasani akalipeleka kila penye gulio, Nanganga, Ruangwa, Kiegei, mpaka Chunyu.

"La mgambo likilia kuna jambo!" alinguruma. "Jumamosi, dukani kwa mwalimu Lusiana, Nachingwea! Kila ntu alete vitu vyake vya samani! Vitatasamwa samani yake! Bwana nkubwa wa Lindi anakuja, anajua samani sote!"

Watu wakasikiliza kwa makini. Kisha wakaenda nyumbani kutazama nani ana kiti kinachofaa kuonyeshwa.

Jumamosi kulikucha na baridi ya kipupwe. Lusiana alikwisha fagia uwanja wa mbele ya duka, akatandika kitambaa cheupe juu ya meza ya Bwana Shehe. Mzee huyo alifika mapema, kanzu imenyooka, akapanga vyombo vyake taratibu: kioo cha kukuzia, mizani ndogo kama ya sonara, na kipande cha ngozi laini cha kufutia fedha.

Bwana Dastani alikuja kutoka stesheni akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Gari moshi lilikuwa limekwama porini usiku kucha, naye alikaa wima kati ya magunia, na jogoo wa mtu mapajani. Alikuwa mnene, mchangamfu, kaptura ya kaki na soksi za kufika magotini. Lusiana alikuwa amejiandaa kumchukia. Akaona kazi hiyo si rahisi, na hilo likamwongezea hasira.

"Bwana Dastani," alimwambia akimmiminia chai, "ule ukurasa wa Chunyu."

"Aa, Chunyu! Mvua ile, dada yangu! Nilidhani tutaelea."

"Yule mjane ni mama yangu."

Bwana Dastani aliteremsha kikombe. "Mama yako? Lo! Alikuwa na ugali mtamu sana."

"Hilo hukuliandika."

Bwana Dastani akapangusa nyusi zake. "Dada, niliandika nilichokiona. Mwandishi wa safari akianza kufuta, kesho jumbe atataka nifute kitambi chake, na keshokutwa dereva atataka nifute ajali yake. Kitabu kitabaki na jalada tu."

"Leo utaviona vitu vya kwetu, vya zamani na vya thamani. Ukiviona, utafuta?"

"Nikiviona, nitaandika nimeviona." Na akapiga mwayo mrefu, meno ya mwisho yakaonekana.

Basi Lusiana akatoka nje kuvingoja vitu vyenyewe.

Wa kwanza kutokea alikuwa Amri wa Kiegei, na meza kichwani. Nyuma yake walikuja ndugu wawili na kabati, wamelishika huku na huku kama mgonjwa. Kisha vikaja viti: vya mgongo, vya kukunja, vya ngozi ya ng'ombe, kiti kimoja cha miguu mitatu ambacho hapo awali kilikuwa na minne. Likaja benchi lililokuwa na jina la shule fulani upande wa chini, na mwenye nalo alipomwona Lusiana akaligeuza haraka. Vikaja vigoda, kitanda cha mtoto, mlango bila nyumba. Uwanja ukajaa. Mpita njia angedhani mji mzima unahama.

"Amri," Lusiana alisema, sauti imemkauka, "hii ni nini?"

"Samani, mwalimu."

"Nilisema vitu vya zamani!"

"Ndiyo hii. Samani."

"Vitajwe thamani yake!"

"Basi, si ndiyo tumeleta itajwe?" Amri alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwonea huruma msomi aliyesoma kupita kiasi.

Lusiana akamgeukia Mzee Hasani. Mzee Hasani alikuwa amesimama juu ya kichuguu, baragumu kwapani, uso unang'aa kwa fahari. "Mwalimu," akamwita, "nimekuletea watu au sikukuletea?"

Alikuwa amewaleta. Hilo mtu hawezi kumnyang'anya. Duka lile halikuwahi kuona hata robo ya watu wale, na kila mmoja alisimama wima kando ya kitu chake, kwa maana hakuna aliyethubutu kukikalia kiti kabla hakijapimwa, kisije kikapungua.

Bwana Shehe alikuwa bado ameshika kioo chake mkononi. "Mama," alimwambia Lusiana polepole, "nimetoka Lindi kwa lori, kiuno kinaniuma, nimekuja kupima kabati?"

"Mzee wangu, nisitiri," Lusiana alinong'ona. "Wametoka mbali."

Bwana Shehe akavuta pumzi, akamwomba Mungu subira, akainama juu ya meza ya Amri. Ilikuwa imetengenezwa kwa mbao za sanduku la trekta, na herufi za Kizungu zilikuwa bado zimesimama katikati, nyeusi. Akazipitishia kioo moja baada ya moja. Watu wakasogea.

"Meza hii ni ya kale," alitangaza. "Ni ya zama za trekta."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na Amri akacheka kuliko wote. Hapo mzee wa Lindi mwenyewe akaanza kuionja raha ya shughuli ile. Zaina, mwanamke wa Ruangwa mwenye ulimi mwepesi, alikuwa amekuja na mbuzi ya kukunia nazi, na watu wakamzonga kwamba mbuzi si samani. Zaina akasema mbuzi inakaliwa, na kinachokaliwa ni samani, la sivyo wamwambie kiti ni nini.

Bwana Shehe akaamua ugomvi. "Umri wake?"

"Ilikuwa ya mama mkwe wangu."

"Meno je?"

"Yote yapo."

"Ya mama mkwe?"

"Ya mbuzi, mzee! Ya mama mkwe yote yalikwisha kwa kunisema mimi."

Watu walicheka mpaka kabati likatikisika. Mtu mmoja tu hakuweza kucheka, naye ni mwenye shughuli. Lusiana alitazama meza na vigoda, akaona hakuna hata kimoja cha kumfanya mwandishi ajutie neno lake. Halafu alipogeuka akamwona Bwana Dastani kaegemea mlango wa duka, machozi ya kicheko yanamtiririka, penseli mkononi, anaandika. Mstari mmoja ulimfungia mama yake mlango. Huyu sasa atawaandika kurasa nzima, na wilaya nzima itakomea milango.

"Bwana Dastani!" akamwita upesi. "Watu wanakungoja. Tusomee."

Bwana Dastani hakuwa mtu wa kuombwa mara mbili. Alifungua kitabu akasoma habari za lori lililokataa kupanda mlima mpaka abiria wote wakashuka wakalisukuma, na lilipofika juu likaondoka bila wao. Alisoma vizuri, mwizi wa mioyo yule, akiiga sauti ya dereva na ya injini. Lakini macho yalikuwa yakimfumba, na mara mbili alisoma mstari uleule. Alikuwa anauanza mara ya tatu honi ilipolia kweli.

Lilikuwa lori la ufuta. Juu ya magunia, kimefungwa kwa kamba, kulikuwa na kitanda, na kando ya kitanda, mkono mmoja ameushika mguu wake kama anayeshika mkono wa mtoto sokoni, aliketi Bibi Magreti.

Vijana wanne walikishusha wakihema. Kilikuwa kitanda cha kamba cha zamani, cheusi tii, cha mpingo, miguu yake imechongwa mafundo mafundo. Bibi Magreti alishuka mwenyewe, akakataa mkono wa dereva.

"Mama!" Lusiana alimkimbilia. "Bangili iko wapi? Niliagiza uje na bangili!"

"Bangili?" Mama yake alimtazama. "Kwani ngeni analala juu ya bangili?"

Akapita. Watu wakampisha njia, na vijana wakamfuata na kitanda, mpaka akasimama mbele ya Bwana Dastani. Bwana Dastani alimtambua. Kitabu kikamshuka mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa." Watu wakacheka kidogo, kisha wakakoma kwa sababu yeye hakucheka. "Nimesikia mbiu. Nimesikia leo kila ntu analeta samani yake itasamwe. Na mimi nimeleta yangu. Kitabu chako kinasema kwangu hukuona kitu cha samani. Haya, sema mbele ya watu. Hiki ni nini? Usiku ule ulilala juu ya nini? Nilikulasa chini kama kuku?"

Lusiana alisimama pale kama mtu aliyemwagiwa maji.

Siku zote zile! Siku zote zile mama yake hakuwa akilililia neno thamani. Neno hilo halikumfikia. Lilitoka kitabuni likiwa thamani, likapita kwenye ulimi wa katekista Protasi, likaingia masikioni mwake likiwa samani. Yeye alisikia mgeni aliyelala juu ya kitanda chake cha ndoa ameutangazia ulimwengu kwamba kile kilicholia katika nyumba ya Magreti si kitanda cha kuitwa kitanda, kwamba mgeni wake ni sawa na aliyelala sakafuni. Alijua amesingiziwa jambo ambalo hakuwahi kumtendea mtu yeyote maishani. Na ushahidi ulikuwa chumbani mwake, mzito, mweusi, akiutazama kila siku na hana wa kumwonyesha.

Lusiana alifungua kinywa. Ualimu ni ugonjwa. Ulimi wake ulikwisha jipanga kusema, mama, hakuandika samani, aliandika... Akaufunga. Neno la kweli lilikuwa chungu kuliko la makosa. Kwa mara ya kwanza tangu ashike chaki aliliona kosa la mwanafunzi likipita, akaliacha lipite.

Bwana Dastani alitazama kitabu chake. Alijua alichokiandika. Akamtazama yule mama, halafu akamtazama Lusiana, na Lusiana akatikisa kichwa kidogo tu, usiseme. Uso wa yule bwana ukamwiva kwa haya, mtu mzima na soksi zake.

"Mama," alisema, "ni kitanda. Nilikilalia. Niliandika uongo." Angeweza kuishia hapo, na watu wangeridhika, lakini akaendelea bila kuulizwa, na ile sauti yake ya kusomea haikuwamo tena. "Na nilikula ugali kwa kisamvu. Na ulinipashia maji ya kuoga kwa kuni kavu ulizozitoa chini ya kitanda hikihiki, mvua inanyesha. Sikuandika hata kimoja. Sijui kwa nini. Nilitaka kuwachekesha watu. Nitaandika upya, mama, na nitaandika jina lako."

"Maneno ya ndomo," Bibi Magreti alisema, lakini mabega yake yalikuwa yameshuka kidogo. "Na ulisema kitanda kililia."

"Kililia, mama. Hilo kweli."

"Kinalia kwa ntu anayejigeusageusa. Ukitulia nacho kinatulia. Lala tuone."

"Hapa?"

"Samani inatasamwaje? Lala!"

Uwanja ulilipuka. "Alale! Alale!" Mzee Hasani akapuliza baragumu. Bwana Dastani akatazama huku na huku, akaona hakuna pa kukimbilia, akavua viatu. Soksi moja ilikuwa na tundu kidoleni, na Zaina hakukosa kulitaja. Akaketi ukingoni, akainua miguu, akajilaza chali, mikono kifuani kama maiti. Kitanda kikalia kwiii, mara moja. Watu wakazuia pumzi. Hakikulia tena.

Wakangoja. Wakangoja zaidi. Kisha, kutoka juu ya kitanda, ikasikika sauti nyingine, nene, ya kuburura, ambayo haikuwa ya kamba wala ya mbao. Bwana Dastani alikuwa anakoroma.

Mtu mmoja akaanza kucheka, akazibwa mdomo na jirani yake. Katika kunyamaza kule Bwana Shehe alisogea, ameshika kioo. Akachuchumaa kwenye mguu wa kitanda. Akapitisha kidole kwenye fundo la kwanza, la pili, akainama akatazama mahali ubao ulipoungana na mguu, pasipo msumari hata mmoja. Uso wake ukabadilika. Utani wote ukamtoka.

"Subhanallah," alisema. Akaenda mguu wa pili. "Subhanallah! Bibi, nani alichonga kitanda hiki? Mimi tangu utoto niko katika kazi hii, vitanda vimepita mikononi mwangu, lakini kazi namna hii!" Alisimama, akainua mkono, akaita kwa sauti ya mnada, "Enyi watu! Sogeeni msikie! Mnataka kujua thamani ya..."

Hilo ndilo Lusiana alilolipangia siku nzima, mjuzi wa Lindi kumtukuza mama yake mbele ya watu. Akasogea mbele ili asikose hata neno.

"Baba," Bibi Magreti alisema, "pungusa sauti. Ngeni amelala."

"Lakini bibi, hujui thamani ya kitu hiki!"

"Samani yake naijua, nimeilalia tangu nilipoolewa. Pungusa sauti."

Bwana Shehe akafumba mdomo. Bibi Magreti alijifungua kanga ya juu, akaikunjua, akamfunika Bwana Dastani kuanzia kifuani hadi kwenye lile tundu la soksi, akaichomeka kwa upande wa upepo. Alifanya hivyo bila haraka, kama alivyowafanyia wachuuzi na wagonjwa na walimu wa Kurani. Lusiana aliitazama ile mikono. Ngeni, alisema. Amesema ngeni. Machozi aliyokuwa ameyazuia tangu asubuhi yakatoka yenyewe, wala hakuyapangusa.

"Unalilia nini na jua limepanda?" mama yake alimnong'oneza. "Moto wako uko wapi? Huyu akiamka atakuwa na njaa."

"Mama, nina unga kidogo tu. Wa nyumbani."

Bibi Magreti aliutazama uwanja: Amri na meza yake, ndugu wawili na kabati lao, Zaina, Mzee Hasani, watu wa Kiegei na Ruangwa na Nanganga, wote wamesimama tangu asubuhi kama askari wa zamu, kila mmoja kando ya kiti chake.

"Na hawa je, wamekula?"

"Sijui, mama."

"Hujui! Watu wamefika mlangoni kwako, na wewe hujui kama wamekula?" Akamsukuma binti yake kidogo kuelekea jikoni. "Asima unga kwa majirani. Kuku nitachagua mimi."

Kisha akawageukia watu, akashusha mkono kuwaashiria waketi, akawaambia kwa sauti ya chini, "Mbona mmesimama? Viti mmekuja navyo. Karibuni, kaeni."

Wakaketi polepole, mmoja mmoja, wakiangalia wasimwamshe mtu.